Mmeleta Nini Kutoka Ujerumani?



Tangu turudi kutoka Ujerumani, swali moja limetukuta kila mahali, sokoni Ngara, njiani Biharamulo, hata mlangoni pa kanisa: "Mmeleta nini?" Hatuwalaumu waulizao. Kanisa la kigango chetu upande mmoja lingali halina bati, nasi wawili ndio tuliotumwa. Leo Jubilei imetukutanisha, basi yafaa tujibu mbele ya wote.

Yawapasa kujua kwanza ya kuwa hiyo ilikuwa safari yetu ya pili. Mwaka 2010 twalikwenda mara ya kwanza, nasi twalichukua karatasi yenye mahitaji kumi na manne. Kila nyumba tuliyoingia, chai ilipokwisha kunywewa, karatasi ilitoka mfukoni. Wenyeji walitupokea kwa heshima, wakaandika, wakatoa walichoweza. Lakini mama mmoja, muuguzi mstaafu, rafiki yetu wa zamani, alitusindikiza hata kituo cha gari la moshi, akatuambia kwa Kiswahili chake: "Mmenipa habari za mabati, na za baiskeli, na za dawa. Habari zangu hamkuniuliza."

Neno lile lilituchoma. Kwetu sisi Wahangaza na Washubi, mtu haketi katika nyumba ya mwenzake asiulize habari za nyumba ile.

Mama huyo wengi wenu mlimjua. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya Rwanda, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa Benako. Sisi tulikuwa vijana wa shule, kazi yetu kuchota maji. Yeye alifunga vidonda usiku na mchana. Twalistaajabu kwamba hachoki, wala hatukumwuliza sababu.

Basi mwaka 2023 twalikwenda tena, bila karatasi. Twalichukua kahawa ya Bugufi na vikapu vilivyosukwa na mama zetu. Tulimkuta katika nyumba ya kutunzia wazee, miguu haimchukui tena. Tulimwuliza habari zake, kisha tukanyamaza tusikilize. Akatueleza ya kuwa mwanzoni mwa mwaka 1945, vita vilipokaribia kwao Silesia, yeye mtoto wa miaka sita alitoka kwa miguu katika theluji, ameshika mkono wa mama yake. Siku zile na baada yake Wajerumani kama milioni 12 walikimbia au walifukuzwa katika nchi za mashariki. Huko walikofikia, wenyeji waliwaona kuwa mzigo, isipokuwa mwanamke mmoja aliyewaletea sufuria ya viazi kila jioni. Akasema: "Nilipowaona watu wa Rusumo, nalijiona mimi." Miaka 29 tulikuwa rafiki, wala jambo hilo hatukulijua, kwa maana hatukuuliza.

Baadaye rafiki wengine walitupeleka Köln kuliona kanisa kuu. Msingi wake uliwekwa mwaka 1248, na minara yake ikamalizika mwaka 1880, yaani miaka 632. Katikati ujenzi ulisimama karibu miaka mia tatu, na mashine ya mbao ya kuinulia mawe ikabaki juu ya mnara usiokwisha. Hata hivyo, tangu mwaka 1322 watu walisali katika sehemu iliyokuwa tayari. Tulipoambiwa hayo tulitazamana, tukalikumbuka kanisa letu la bati la upande mmoja, tukacheka.

Jioni tulisikiliza kinanda na kwaya, wakiimba nyimbo za Bach. Nasi tukawafundisha wimbo wetu mmoja. Sauti waliipata upesi, lakini makofi yaliwashinda kabisa! Tena tuliona viti vingi vitupu, na waliokalia vilivyobaki wengi ni wazee. Wakatuuliza tunafanyaje hata watoto wetu wakaja kwa furaha. Siku ile wao ndio waliokuwa na hitaji, nasi tulikuwa na kitu cha kutoa.

Twajua mzee mmoja atauliza: "Je, mwafanyaje urafiki na watu ambao baba zao walijenga boma la Biharamulo?" Swali hili ni la haki. Boma lile lingali limesimama, na Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hata 1907 viliangamiza maelfu kwa maelfu huko kusini. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea. Hatusahau, wala urafiki haufuti deni. Bali mama yetu hakutujia na bunduki; alitujia na bandeji. Nao wahenga wamenena: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Basi, tumeleta nini? Bati hatukuleta hata moja. Bati tutanunua wenyewe baada ya mavuno ya kahawa, kila nyumba kwa kadiri yake. Na mpaka hapo tutasali upande uliokwisha kuezekwa. Tumeleta habari za rafiki yetu, tulizopaswa kuzijua tangu zamani.

Naye alituomba kitu kimoja tu: barua. Asomewe nani ameoa, nani amezaa, nani ametangulia mbele ya haki, na kama chemchemi iliyo chini ya zahanati ingali ina maji. Walimu, twawasihi mwaandikishe watoto barua hizo. Na ninyi nyote mliofungwa vidonda na mikono yake, karatasi ipo juu ya meza, karibu na mlango. Mwandikieni habari zenu, mwulizeni na zake. Mahitaji msiandike.