Fungate Ndani ya Katanga

Kiangazi kimeingia na Lubumbashi inaoa na kuolewa. Kila Jumamosi tunasikia honi za misafara ya harusi, kutoka komini hadi kanisani, kutoka kanisani hadi ukumbini. Leo ninasema na wanaooana, na zaidi na baba, mama na wajomba wanaoketi kwenye kamati za harusi. Ninasema nao juu ya fungate.

Siku hizi, mara tu tarehe ikitajwa, watu huuliza: "Mtaenda wapi?" Wanategemea kusikia Dubai, Cape Town, Zanzibar, au basi Livingstone, kule ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Kijana akijibu kwamba atabaki nchini, anaonewa huruma, kana kwamba amemnyima mke wake haki yake. Huruma hiyo ndiyo ninayoipinga. Kijana huyu ametoka kulipa mahari, vitambaa vya mama mkwe, suti ya baba mkwe, ukumbi na vinywaji. Sasa akope tena kwa ajili ya tiketi mbili na viza mbili? Hata kutoka tu pale uwanja wa ndege wa Luano kunalipiwa: ada ya Go-Pass ilipoanzishwa mwaka 2009 iliwekwa dola 50 kwa anayetoka nje ya nchi, na dola 10 kwa anayesafiri ndani. Nyumba changa inafunguliwa kwa deni, na deni lenyewe limeingiwa ili majirani waone picha.

Tuichukue hiyo Livingstone. Watu wetu wanavuka mpaka kwenda kutazama Mosi-oa-Tunya, maporomoko yenye kimo cha mita 108. Ni ajabu kubwa ya dunia, sibishi. Lakini hapa Haut-Katanga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu iliyoundwa mwaka 1970, mto Lofoi unaruka kutoka juu ya uwanda na kuanguka zaidi ya mita 300. Ni karibu mara tatu ya kimo kile! Ni wangapi kati yetu, tuliozaliwa katika komini za Kenya, Katuba au Kamalondo, waliowahi kuyaona maji hayo?

Nitasema ukweli wote, maana sitaki mtu afunge safari kisha anilaumu. Mosi-oa-Tunya ina upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Lofoi ni mwembamba, na kiangazi kikikolea maji yake hupungua sana. Hapo ndipo penye tatizo letu: harusi tunazifunga Julai na Agosti, wakati Lofoi hauna nguvu. Ukienda Januari, maji ni mengi, lakini barabara ya udongo kuelekea kituo cha Katwe ni matope. Wakati mzuri ni mwisho wa mvua, Aprili na Mei, maji yakiwa bado yanaunguruma na njia imeanza kukauka. Nani amesema fungate lazima iwe kesho yake ya harusi?

Kwa wasioweza kungoja, iko Likasi, mwendo wa kilomita 120 hivi kwa lami. Ukilala pale, unaweza kwenda hadi ziwa Tshangalele. Ziwa hilo lilizaliwa na bwawa la umeme la Mwadingusha, mwaka 1930, na tangu 1982 bonde hilo la Lufira linatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya viumbe hai. Pana mafunjo, ndege wa majini, mitumbwi ya wavuvi, na samaki wa kula na bukari. Watu wawili wanaotaka kuzungumza peke yao, mbali na kelele za ukoo, watapungukiwa na nini hapo?

Siwatumi popote bila tahadhari. Upande wa Mitwaba, karibu na hifadhi ya Upemba, makundi ya wapiganaji wa Mai-Mai yaliwatesa watu miaka mingi. Eneo la kati ya Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembetatu ya kifo. Huko usiende kabla ya kuuliza wanaopajua.

Kwa serikali ya jimbo ninaomba jambo moja: njia ya kwenda Katwe isawazishwe kila mwaka mara mvua inapokatika. Kijana hawezi kumpeleka bibi arusi mahali ambapo gari litazama. Kwa ICCN, inayosimamia hifadhi, ninaomba bei ya kuingia na mahali pa kulala vitangazwe kwenye redio, hata hii yetu, ili watu wapange mapema.

Nanyi wazee wa kamati, katika michango mnayokusanya, tengeni bahasha moja ya safari ya ndani, muwape maarusi mkononi. Watakaooana kiangazi hiki waende Tshangalele. Lofoi wauwekee mwezi wa Aprili.