Kipepeo na Mdudu wa Siku Moja



Wengi wenu mmepita Thika, pale hoteli ya Blue Posts, ambapo mto Chania na mto Thika huanguka kwa kishindo, kisha ikakutana. Siku ya jua vipepeo hutua penye matope ya ukingoni. Hapo hawatafuti maua. Wananyonya chumvichumvi ya udongo kwa mrija wao mwembamba. Kila mtoto apitaye husema, "Tazama!"

Lakini yuko mwingine asiyetazamwa na mtu. Ni mdudu mdogo mwenye mabawa maangavu, na mikia miwili au mitatu kama nyuzi. Msimdhanie kuwa kumbikumbi. Wagiriki wa kale walimwita "wa siku moja", nasi tumwite hivyo. Akiisha kupata mabawa hali kitu, maana kinywa chake hakifanyi kazi. Hutaga mayai, naye hufa baada ya saa chache, au siku moja mbili.

Mnamhurumia, sivyo? Ngojeni kidogo. Kabla ya siku hiyo amekaa chini ya mawe mtoni miezi mingi, pengine mwaka, akivuta pumzi majini kwa matamvua kama samaki. Na yule kipepeo mnayemsifu huenda akapata majuma machache tu ya kuruka. Tena alipokuwa kiwavi labda alikula majani ya mchungwa wa mtu!

Sasa sikieni. Mto ukichafuliwa, kipepeo hupepea ukingoni vilevile. Mdudu wa siku moja hana pa kukimbilia. Maji ya kiwandani yakimwagwa, au maganda ya kahawa yakioza mtoni na kumaliza hewa ya majini, wengi wa jamaa yake hufa mapema. Ndiyo sababu wataalamu wapimao afya ya mito hugeuza mawe kumtafuta.

Ninyi vijana wa Ruiru, Jumamosi hii shukeni mtoni. Geuzeni mawe machache juu ya mahali magari yanapooshwa, kisha mengine chini yake. Mkiwakuta kule juu, na huku chini hakuna hata mmoja, nendeni kwa mwenye kumwaga uchafu mkaseme naye kwa upole, hata kama ni mzee wa kanisa. Maji hayo yanashuka kwa akina mama wenye ndoo. Na kila jiwe mlirudishe polepole, kwa maana wenyewe wamo chini yake.