Kuyafikia Makumbusho ya Elimu Viumbe kwa Mtandao: Tatizo la Mahali katika Kumbukumbu za Vielelezo vya Meatu

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya walimu wa sayansi na jiografia wa shule za sekondari, Mwandoya, Wilaya ya Meatu, Mkoa wa Simiyu

Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna mwalimu wa Mwandoya anavyoweza kutumia makumbusho ya elimu viumbe kwa njia ya mtandao. Sehemu ya kwanza nitaipitia haraka, kwani mengi yake mnayafahamu. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalomfanya mwalimu wa huku awashe kishikwambi, atafute, akose, kisha aamini kwamba kwetu hapajawahi kuokotwa kitu cha maana. Yatakayosemwa humu ni maoni yangu na si msimamo wa taasisi ninayoitumikia.

Makumbusho na mtandao kwa ufupi

Makumbusho ya elimu viumbe hutunza wanyama, mimea, wadudu, miamba na visukuku kwa ajili ya utafiti na maonyesho. Nchini tunayo Makumbusho ya Elimu Viumbe Arusha, ndani ya Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, na Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959.

Anachokiona mgeni ukumbini ni kidogo mno ukilinganisha na kilichomo kwenye droo. Makumbusho ya London yana vielelezo takriban milioni 80, ya Berlin milioni 30 hivi, na ya Smithsonian kule Washington zaidi ya milioni 140. Kumbukumbu za vielelezo hivyo zinaingizwa mtandaoni hatua kwa hatua, na nyingi hukusanywa na GBIF, mtandao wa kimataifa wa taarifa za bioanuwai ulioanzishwa mwaka 2001 wenye makao yake Copenhagen. Kila rekodi hubeba jina la kiumbe, mkusanyaji, tarehe, mahali, na mara nyingine picha. Tangu Februari 2020 Smithsonian imeruhusu mamilioni ya picha zake zitumike bila malipo. Vitabu na majarida ya kale ya sayansi yanasomwa bure katika Biodiversity Heritage Library. Kutafuta hakudai ada yoyote, isipokuwa bando.

Vilivyochukuliwa kwetu na kwa jirani zetu

Tuanze na ndege. Yule kasuku mdogo wa kijani mwenye mdomo mwekundu, ambaye watoto wa Meatu wanamjua kabla hawajaanza shule, kwa kisayansi ni Agapornis fischeri. Jina hilo linatokana na Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyesafiri hadi upande wa Ziwa Viktoria mwaka 1885 na 1886. Aliyemwelezea ndege huyo kwa mara ya kwanza ni Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin, mwaka 1887. Mwaka huohuo Reichenow alimwelezea pia kwale mwenye kifua cha kijivu, Pternistis rufopictus, pamoja na mnana mkubwa mwenye mkia wa rangi ya kutu, Histurgops ruficauda. Makazi ya asili ya ndege wote watatu ni kaskazini mwa Tanzania.

Upande wetu wa mashariki kuna Ziwa Eyasi. Kandokando yake, mwaka 1935, Ludwig Kohl-Larsen aliokota vipande vya mafuvu ya binadamu wa kale, na makusanyo yake yakapelekwa Ujerumani. Kisha kuna mbung'o. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o kutoka Shinyanga, ndiye aliyepewa heshima katika jina la Glossina swynnertoni, aina iliyoelezwa mwaka 1923, na ambayo hata leo inawasumbua wafugaji walio jirani na Pori la Akiba Maswa. Swynnerton na mtaalamu wake wa mimea, B. D. Burtt, walikufa pamoja katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mimea aliyoikausha Burtt imo katika bustani ya mimea ya Kew, Uingereza.

Kwa hiyo vitu vyetu vipo, na sehemu yake tayari imo mtandaoni. Kwa nini basi hatuvipati?

Tatizo la mahali

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga. Meatu yenyewe ilikuwa sehemu ya Maswa, na Maswa enzi za Mwingereza ilikuwa ndani ya Jimbo la Ziwa. Mtu aliyekata tawi la mgunga mwaka 1935 hakuandika Simiyu, kwa sababu hakukuwa na Mkoa wa Simiyu. Ukiliandika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia, tawi lile haliji, isipokuwa pawe na mtu Ulaya aliyekaa akaifungua rekodi na kuongeza jina jipya. Watu hao ni wachache, na wengi wao hawajawahi kufika huku.

Nimelishughulikia jambo hili miaka mingi, na naomba mnivumilie nikilieleza kwa urefu.

Wakusanyaji wa Kijerumani waliandika walivyosikia. Ntuzu kwao ni Ntussu. Ziwa Eyasi katika maandishi yao ni Njarasa, ndiyo maana mafuvu ya Kohl-Larsen yaliitwa Africanthropus njarasensis, na mwanafunzi anayetafuta Eyasi peke yake anaweza kuyapita bila kujua. Neno Shinyanga nalo kwenye lebo ya mdudu linaweza kumaanisha mji, kituo cha utafiti wa mbung'o, au wilaya nzima. Aliyelisoma miaka themanini baadaye akiwa mbele ya kompyuta hana namna ya kujua, basi huchagua mji. Matokeo yake kielelezo kilichotoka porini kinawekwa katikati ya soko.

Ugumu mkubwa zaidi ni majina yaliyokufa. Kabla watemi hawajaondolewa serikalini mwaka 1963, mahali palitajwa kwa utemi: Ntuzu, Itilima, Kanadi, Meatu. Chini ya utemi palitajwa kwa jina la mwanangwa (kiongozi wa kijiji), la mlima, la kisima, au la mwenye mji mkubwa. Ndipo ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wakahamishwa, na maelfu ya majina hayo yakabaki bila wakazi wa kuyataja. Mengine hayamo kwenye ramani yoyote ya leo. Mkusanyaji ameandika kwa uaminifu kabisa alipopiga kambi, lakini aliyebaki mwenye uwezo wa kupaonyesha kwa kidole ni mzee aliyechunga ng'ombe hapo akiwa kijana.

Panaposhindikana kutambulika, mambo mawili hutokea. Ama rekodi inaachwa bila latitudo na longitudo, ikawa haionekani kwenye ramani hata kidogo, ama inapewa nukta ya katikati ya wilaya, ya mkoa, au ya nchi nzima. Rekodi iliyoandikwa Tanganyika tu huishia kwenye nukta isiyohusiana na kiumbe chenyewe. Nukta hiyo haitii shaka machoni pa mtazamaji, na hilo ndilo baya lake. Mtafiti anachora ramani ya msambao wa aina fulani, Meatu inabaki nyeupe, na mpangaji wa hifadhi anaichukulia nyeupe hiyo kuwa ushahidi kwamba kiumbe hakipo.

Nimeandika barua nyingi kuhusu rekodi za namna hii. Zipo taasisi zilizojibu na kusahihisha ndani ya wiki, na nazishukuru. Nyingine hujibu kwamba maoni yamepokelewa, kisha rekodi ikabaki ilivyo mwaka baada ya mwaka. Nadhani chanzo ni uhaba wa watumishi, si dharau. Hata hivyo, kwa mwalimu aliye darasani tofauti hiyo haimsaidii.

Lazima pia niseme kwamba si kila ukungu ni kosa. Mahali pa viumbe vinavyowindwa, kama faru, hufichwa kwa makusudi, na tusidai pafunuliwe.

Namna ya kutafuta kwa sasa

Usianze na jina. Katika GBIF chora mpaka wa eneo unalolitaka moja kwa moja kwenye ramani, kuanzia Mwanhuzi hadi Eyasi kwa mfano, nayo itakuletea kila rekodi yenye nukta ndani ya mpaka huo. Kisha fanya utafutaji wa pili: chagua Tanzania, chagua rekodi zisizo na nukta, halafu soma maelezo ya mahali moja moja. Kazi hii ya pili inachosha na inakula bando, ila humo ndimo vitu vyetu vilimojificha. Tafuta Maswa, Shinyanga, Ntussu, Njarasa, Wembere, na kila tahajia unayoweza kuibuni.

Mapendekezo

Napendekeza kila shule ya sekondari ya Meatu iteue mwalimu mmoja wa kusimamia kazi ya majina ya kale, na Ofisi ya Elimu ya Wilaya iitambue kazi hiyo katika mpango wake. Wanafunzi wa jiografia wahoji wazee kuhusu mahame, visima, vilima na miji ya watemi, waandike jina, waandike tahajia zake zote, kisha wafike mahali penyewe na kuchukua latitudo na longitudo kwa simu. Pasipo na uhakika, waandike nukta pamoja na umbali wa shaka kwa mita. Nukta yenye shaka iliyotajwa ni bora kuliko nukta safi ya uongo.

Orodha itakayopatikana iwekwe hadharani kwa Kiswahili na ipelekwe Makumbusho ya Taifa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ili ifike kwa makumbusho ya nje kwa mkondo wa serikali na si kwa barua za mtu mmoja mmoja. Makumbusho ya nje nayo yaombwe kuacha maneno ya lebo kama yalivyo, na kuongeza jina jipya pembeni bila kufuta la zamani. Yaombwe vilevile kuondoa nukta za katikati ya wilaya au kuziwekea umbali wa shaka. Nimeshalisema hapo juu na nalirudia: nukta ya uongo inadhuru kuliko kukosa nukta.

Walimu wapakue picha mara moja na kuzigawa shuleni bila mtandao, kuokoa bando. Walimu wa biolojia na wa jiografia wafanye kazi hii pamoja, kwani mmoja anajua kiumbe na mwingine anajua mahali. Wafugaji na wawindaji wa zamani, wakiwemo ndugu zetu Wahadzabe, wahojiwe kwa ridhaa yao na majina yao yaandikwe kama watoa taarifa, si kama wenyeji wasio na jina. Tahadhari ichukuliwe kuhusu mabaki ya binadamu: Berlin inahifadhi mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa kutoka iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na hayo si nyenzo ya somo la darasani. Wazee wahojiwe kwanza, kabla ya kazi nyingine yoyote iliyotajwa humu.

Fomu ya majina ya kale imo ndani ya bahasha mliyopewa asubuhi. Naomba kila shule irudishe angalau fomu moja iliyojazwa kwa Afisa Elimu Kata kabla ya likizo ya Juni, na ianze kwa mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote katika kijiji chake.