Somo la Redio: Jamaa Asiyetajwa



Katika ukoo yaweza kuwako jina ambalo likitajwa wazee hunyamaza. Mkiuliza, mwaambiwa, "Aliiaibisha nyumba," basi. Leo tutajifunza kuitafuta habari yake.

Kwanza, waulizeni wazee kwa adabu, mmoja mmoja, mkaandike kila mmoja alivyosema. Pili, tafuteni karatasi: vyeti vya ndoa, vitabu vya ubatizo, hukumu za mahakama, hati za mashamba. Tatu, linganisheni miaka.

Mfano ni Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, naye ana mimba ya Mjerumani, Heinrich Ruete. Kwa midomo ya watu, habari yaweza kuishia hapo. Lakini kumbukumbu zaendelea. Tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, alibatizwa Emily, akaolewa na Ruete siku iyo hiyo. Mumewe akafa mwaka 1870, akamwacha na watoto watatu wadogo. Mwaka 1885 alirudi Unguja kudai urithi wake. Ndugu yake, Sultani Barghash, hakumpokea. Mwaka 1886 alichapa kitabu cha maisha yake. Alikufa Ujerumani mwaka 1924.

Basi, aibu haikuwa habari yote. Lakini na karatasi huandikwa na watu: mwenye kitabu hujitetea, karani hukosea. Tafuteni shahidi wa pili.

Kazi ya wiki hii: andikeni majina ya babu na bibi zenu wote. Palipo na pengo, ulizeni.

Kwaherini.