Mzizi Uko Tanga

Mwaka 2020, Zuchu alipotoa kazi yake ya kwanza akiwa na lebo ya Wasafi, alimwalika mama yake mzazi, Khadija Kopa, wakaimba pamoja Mauzauza. Vijana wengi walivutwa na sauti ya binti. Lakini anayetaka kujua muziki huu umetoka wapi, aanze na sauti ya mama.

Khadija Kopa alipitia Culture Musical Club ya Unguja, kisha miaka ya 1990 akavuma bara na Tanzania One Theatre, TOT, enzi zile ikichuana vikali na kundi la Muungano. Hiyo ndiyo taarab ya mipasho: kinanda cha umeme, gitaa la besi, ukumbi mzima umesimama unacheza. Ukirudi nyuma hadi kwa Siti binti Saad, aliyerekodi santuri huko Bombay mwaka 1928, unakuta udi na fidla. Besi haipo. Iliingiaje?

Jibu liko Tanga, tena liko wazi kwa kila mwenye masikio.

Katika miaka ya 1960 Tanga ilikuwa mji wa bandari, reli na mkonge. Mashamba ya mkonge yalivuta vibarua kutoka pande zote za nchi, nao walikuja na ngoma zao. Jamhuri Jazz, bendi iliyotikisa mji huu, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo peke yake linaeleza safari ya watu wake. Pembeni yake ilikuwapo Atomic Jazz. Mji ulikuwa umejaa magitaa.

Black Star Musical Club, na baada yake Lucky Star, wakafanya jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: walichukua gitaa na besi vya muziki wa dansi wakavitia kwenye taarab. Kundi likawa dogo, mdundo ukachangamka, lakini shairi likabaki na vina na mizani yake. Katika makundi hayo mawili aliimba Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, ambaye wengi wanamkumbuka kwa Macho Yanacheka. Mwaka 1989 rekodi za Black Star na Lucky Star zilitolewa London katika albamu iliyoitwa Nyota. Wazungu waliinunua, lakini vijana wangapi wa Makorora, hapa hapa Tanga, wameisikia?

Upande wa dansi nao una mti wake. Ndugu Wilson na George Kinyonga walijiunga na Jamhuri Jazz mwaka 1966, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka mpaka na kuunda Simba Wanyika nchini Kenya. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitoa wakaanzisha Les Wanyika, na hao ndio waliotupa Sina Makosa, wimbo ambao mpaka leo ukipigwa harusini wazee na vijana wanaingia uwanjani pamoja. Gitaa lile linalotiririka bila haraka lilinolewa hapa Tanga.

Hata tabia za ukumbini ni za zamani. Mtafiti Kelly Askew, aliyeishi Tanga miaka ya 1990 akapiga muziki na makundi ya taarab ya hapa, ameandika kwa kina juu ya kutunza: mwanamke anasubiri ubeti unaomhusu, anainuka na noti mkononi, anapita taratibu mbele ya hasimu wake kabla ya kumfikia mwimbaji. Anayetazama video za shoo za leo ataitambua hatua ile ile.

Ndiyo maana inauma kuona vipindi vya zilipendwa vikisukumwa usiku wa manane, kana kwamba ni vya wasio na usingizi. Shakila alifariki mwaka 2016, na waliopiga naye wanazidi kupungua. Redio za mkoa huu zingeweza kuanza na jambo dogo: kila zinapopiga wimbo mpya wa taarab saa za mchana, zifuatishe mmoja wa Black Star, mtangazaji ataje nani anaimba na nani anapiga besi. Na nyumba za Ngamiani na Pangani ambazo bado zina santuri na kaseti kabatini, zizitoe, zikanakiliwe kabla unyevu wa bahari haujazimaliza.