Pengo la Msimu wa Mvua: Jinsi ya Kuendeleza Akiba ya Uzeeni Baada ya Kazi Kusimama

Hotuba ya afisa wa biashara na ushirika wa kaunti ndogo kwa waliokuwa wafanyakazi wa hoteli, wahudumu wa bodaboda na tuktuk, kina mama wa sokoni na wavuvi, Malindi

Nashukuru kwamba mmeacha vibanda na pikipiki zenu asubuhi hii. Najua kila saa mliyokaa hapa ni pesa, kwa hivyo nitazungumza mambo ya kutumika.

Naanza na mambo yangu mwenyewe. Kabla ya kuajiriwa na kaunti nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya ufuoni kwa miaka 7. Kila mwezi hati yangu ya mshahara ilionyesha Sh200 zimekatwa za NSSF. Sikuwahi kuuliza zinaenda wapi. Siku niliyokwenda kuangalia akaunti yangu nilikuta miezi 14 haina kitu. Nilirudi nyumbani nikapekua masanduku. Hati za miezi 9 nilizipata, nikazipeleka, ikafuatiliwa na mwishowe pesa zikaingizwa. Hati za miezi 5 nilikuwa nimezifungia njugu. Hiyo miezi 5 mpaka leo ni tupu.

Nawaambia haya kwa sababu wengi wenu mna mapengo kama yangu, na wengine makubwa zaidi. Sisi wa pwani tunaijua kazi ya hoteli. Kaskazi ikivuma vyumba vimejaa, kila mtu ana kazi. Masika yakiingia hoteli zinafunga, mnaambiwa mrudi nyumbani mpaka mtakapoitwa. Mwaka wa 2020 ndege zilipoacha kuja kwa sababu ya korona, wengine waliondoka na hawakuitwa tena. Leo wanaendesha bodaboda, wanauza samaki, wanashona nguo. Lakini ile nambari ya NSSF ingalipo, na pesa zilizomo zingali zao.

Pengo ni nini?

Pengo ni mwezi ambao hakuna mchango ulioingia kwa jina lako. Yako ya aina tatu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni mwezi uliokuwa huna kazi. Hapo hakuna aliyekukosea. Dawa yake ni wewe mwenyewe kuanza kuchanga kwa hiari.

La pili ni mwezi uliofanya kazi, ukakatwa, lakini mwajiri hakupeleka. Hilo ni deni la mwajiri. Tafadhali usilijaze kwa pesa yako. Chukua hati za mshahara, barua ya kazi na kitambulisho, uende ofisi ya NSSF, na pia afisi ya leba. Sheria inamlazimu mwajiri kupeleka kile alichokukata pamoja na sehemu yake yeye.

La tatu ni pengo la makaratasi. Jina lako limeandikwa vingine, au ulipobadilisha kazi ukapewa nambari ya pili, na michango imegawanyika. Hapo hakuna pesa iliyopotea. Omba rekodi zako ziunganishwe.

Kwa hivyo kabla ya kulipa hata shilingi moja, pata kwanza taarifa ya akaunti yako. Unaweza kuanzia kwa simu, *303#, au uende ofisini na kitambulisho. Isome mwezi kwa mwezi. Weka alama pale palipo wazi, kisha jiulize: huu ulikuwa mwezi wa kukosa kazi, mwezi wa kuibiwa, au mwezi wa makosa ya jina?

Kwa nini wazee wetu walipata kidogo?

Nasikia watu wakisema, "Baba yangu alichanga miaka 20 akapewa pesa ya kununua mbuzi." Maneno hayo yana sababu. NSSF ilianzishwa mwaka wa 1965. Kwa miaka mingi mpaka mwanzo wa 2023, mfanyakazi alikuwa anakatwa Sh200 kwa mwezi na mwajiri anaongeza Sh200. Piga hesabu: Sh400 kwa mwezi ni Sh4,800 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni Sh96,000, bila kuhesabu riba. Ukitia kidogo utatoa kidogo.

Tangu Februari 2023 walioajiriwa wanachanga asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri asilimia 6, kulingana na sheria ya mwaka wa 2013 na viwango vyake vya juu na vya chini. Lakini ninyi mliojiajiri hamna mwajiri wa kuwaongezea. Mtakachokuta mkifika miaka 60 ni kile mlichoweka na riba yake.

Hapa nataka mnielewe vizuri. Ziko nchi kama Uingereza ambako malipo ya uzeeni huhesabiwa kwa miaka uliyochangia, na mtu anaweza kulipia miaka fulani iliyopita ili ahesabiwe. Ya kwetu hapa ni akiba. Huwezi kununua riba ya mwaka wa 2020 kwa pesa ya leo, maana pesa hiyo haikuwamo ndani ikifanya kazi. Unachoweza ni kuzuia pengo lisiendelee, na ukipata zaidi, kuchanga zaidi.

Hesabu ya kuchelewa

Tuchukue mfano. Bodi ya NSSF hutangaza riba kila mwaka, na hubadilika. Lakini kwa ajili ya hesabu tuseme ni asilimia 8. Mama mmoja ana miaka 40, anaweka Sh1,000 kila mwezi mpaka afike 60. Ametoa mfukoni Sh240,000. Akaunti itakuwa na karibu Sh549,000.

Sasa tuseme aliacha pengo la miaka 5. Hapo amekosa kuweka Sh60,000. Pengo hilo likiwa katika miaka 5 ya mwisho, litampunguzia karibu Sh70,000. Likiwa katika miaka 5 ya mwanzo, litampunguzia karibu Sh223,000. Pesa zilizokosekana ni zilezile Sh60,000. Tofauti ni kwamba za mwanzo zingekaa ndani muda mrefu, riba ikizaa riba.

Basi kijana wa miaka 28 anayesema "nitaanza nikitulia", anaahirisha miaka ile yenye thamani kubwa kuliko yote. Na wewe dada uliye na miaka 50, usikate tamaa. Sh1,000 hiyohiyo kwa miaka 10, kwa mfano wetu, ni karibu Sh174,000. Si utajiri, lakini ni tofauti ya kuomba na kutoomba.

Namna ya kuanza

Kama uliwahi kuajiriwa, tumia nambari yako ya zamani. Usijisajili upya, utatengeneza lile pengo la tatu. Kama hujawahi, jisajili kwa kitambulisho. Waliojiajiri wana mpango unaoitwa Haba Haba, ambao unaanzia Sh25 kwa siku. Hiyo ni chini ya nauli ya tuktuk ya kuingia mjini. Kwa mwezi wa siku 30 ni Sh750. Unalipa kwa simu, na mpango huu unaruhusu mwanachama kutoa sehemu ya akiba yake baada ya kuchanga kwa miaka 5.

Ushauri wangu ni huu: panga kiasi kulingana na mwezi wako mbaya. Ukisema Sh3,000 kwa sababu Desemba wageni wamejaa, Mei utashindwa, na ukishindwa mara mbili utaacha kabisa. Panga kile unachokiweza masika, kisha kaskazi ongeza.

Kama una deni la riba kubwa, lile la kukopa mia ukarudisha mia na thelathini, lipa hilo kwanza. Hakuna akiba inayokua haraka kuliko deni la namna hiyo. Na chama chenu msikivunje. Chama ni cha karo na biashara. Hii ni ya siku ambayo mguu hautakanyaga tena pedeli.

Wengine wataniuliza, "Pesa zikiliwa je?" Swali ni halali, na mimi ndiye niliyekuta miezi 14 tupu. Jawabu langu ni moja: hifadhi kila ujumbe wa malipo na uangalie akaunti yako kila baada ya miezi 3. Pengo la miezi 3 utalidai ushahidi ukiwa bado mkononi. La miaka 10 utalidai kwa mdomo mtupu.

Jihadharini pia na matapeli. Msimpe mtu yeyote nambari ya siri ya simu, wala msimpe wakala wa barabarani pesa taslimu akuwekee.

Mwisho, andikisha warithi wako na uwaambie watu wa nyumbani kwamba akaunti ipo. Ziko familia zilizozika baba zikachangisha mpaka sanduku, na akiba yake imelala kwa sababu hakuna aliyejua nambari.

Kuna mpango wa Inua Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, Sh2,000 kwa mwezi. Ni msaada mzuri, lakini kati ya 60 na 70 kuna miaka 10 ya kula, kuvaa na kununua dawa. Miaka hiyo ndiyo tunayoizungumzia leo.

Nawaombeni kitu kimoja tu kabla ya Ijumaa: kila mmoja apate taarifa yake. Ukikuta pengo ambalo hulielewi, njoo na karatasi zako afisini kwetu tulisome pamoja. Na ile hati ya mshahara iliyo chini ya godoro, msifungie njugu.