Mbio za Lami: Maneno ya Vijana wa Bodaboda

Wenzetu wa vijiweni Kasulu na Kibondo wametutuma watatu. Tumekubaliana mmoja asome, na wawili wamsahihishe akidanganya.

Tuliombwa tuzungumzie changamoto za vijana. Tumeona tuseme jambo moja tu, ambalo wengi wenu mnalijua ila hamlisemi mbele yetu: sisi tunashindana mbio za pikipiki barabarani. Jumapili jioni mkisikia milio inapita kama nyuki waliochokozwa, ni sisi.

Mnaoishi mbali mnaikumbuka barabara ya zamani. Masika ulikuwa unatoka Kasulu kwenda Kibondo umebeba chakula cha njiani, maana hujui utalala wapi. Sasa imekuja lami, kipande baada ya kipande, katika mradi ule wa Kabingo–Kasulu–Manyovu wa kilomita 260 hivi, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika imeugharamia pamoja na serikali. Tunaishukuru sana. Maharage yanafika sokoni, mgonjwa anafika hospitali. Lakini sisi tulijifunza pikipiki kwenye vumbi na tope, na hakuna aliyetufundisha upya lami ilipofika.

Tueleze kidogo hapo, maana ndipo kiini kilipo. Kwenye changarawe ukikamata breki ya mbele kwa nguvu, tairi linateleza na wewe unakwenda chini. Kwa hiyo kila mmoja wetu alifundishwa na kaka yake, "mbele usiguse." Wengine hata waliilegeza kabisa. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na mashimo yale, breki ya mguu ilitosha. Lami ikaja, tukapanda hadi 80, hadi 100, na mguu ni uleule. Kwenye 80, pikipiki inakula mita 22 kila sekunde. Ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi ya kufunga breki inaongezeka mara nne. Kwenye lami breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha chombo, na ndiyo ile tuliyoogopeshwa. Mvua ikinyesha, magari yanaburuta tope jekundu kutoka barabara za vijijini na kulipaka juu ya lami kwenye makutano. Hapo hakuna breki yoyote, ni kuomba Mungu.

Mtauliza, basi kwa nini mnashindana? Tuwe wakweli. Kutwa nzima unabeba mzigo wa mtu, unapeleka hesabu kwa tajiri, unarudi na kilichobaki. Pikipiki ni ya mkataba, haijawa yako. Jumapili jioni mnatoka nje ya mji, mnakunja vioo, mnalala juu ya tenki, na kwa dakika nne hakuna anayekuita "wewe boda." Anayeshinda ananunuliwa mafuta lita moja na jina lake linazungumzwa wiki nzima. Hatukuja hapa kujifanya kwamba haikuwa tamu.

Na ninyi mna sehemu yenu, wazee mtusamehe. Abiria anapanda amechelewa basi, anasema, "Kijana, kimbiza, nitakuongezea." Wengine mnapanda mshikaki, watatu, bila kofia hata moja, halafu mnatuuliza kwa nini hatuna nidhamu.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alianguka kwenye mbio hizo. Hatutataja jina lake, mnalijua. Mbuzi alivuka, akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote, tairi likakwama, akaburutwa na pikipiki hadi mtaroni. Kofia alikuwa ameitundika kwenye mkono wa pikipiki, kama tulivyokuwa tunafanya wote. Kichwa kilipona kwa bahati tu. Mguu ulivunjika chini ya goti, mfupa ukatoka nje. Na hapa ndipo aibu yetu. Tulikuwa kumi na wawili pale na hakuna aliyejua la kufanya. Tulimpakia nyuma ya gari dogo la mzigo, juu ya magunia, wawili wameshika mguu kila mmoja anauvuta kivyake. Hakuna kipande cha ubao, hakuna kitambaa safi. Alipofika hospitali alikuwa amepoteza damu nyingi na jeraha limejaa uchafu. Siku chache baadaye mguu ulikatwa. Familia iliuza shamba la kahawa, na deni la pikipiki lilibaki palepale.

Tangu siku ile tumekuwa tukiulizana: wanaofanya mbio kama kazi, wao wanaishije? Tukatafuta kwenye simu. Kuna kisiwa kinaitwa Isle of Man, karibu na Uingereza, wanashindana kwenye barabara za kawaida tangu mwaka 1907. Siku ya mbio barabara inafungwa kisheria, kofia ya kila mtu inakaguliwa kabla hajaanza, wasimamizi na madaktari wamepangwa njia nzima. Na pamoja na hayo yote, zaidi ya waendeshaji 250 wamekufa kwenye njia ile. Tukasoma pia kwamba mwaka 2021, katika viwanja vya kisasa vya Ulaya, walikufa vijana watatu ndani ya miezi michache: Jason Dupasquier wa miaka 19, Hugo Millán wa miaka 14 na Dean Berta Viñales wa miaka 15. Baada ya hapo wakubwa wa mchezo wakapandisha umri, na kuanzia 2023 umri wa kuingia mbio kubwa za dunia kwa kawaida ni miaka 18. Wale wana uwanja uliofungwa na helikopta inasubiri. Sisi tuna mbuzi, baiskeli za mihogo, na watoto wanaotoka shule.

Kwa hiyo kijiwe chetu kimeacha. Hatusemi vyote vimeacha, tukisema hivyo hawa wawili watanisahihisha. Wapo bado wanaotoka. Wapo hata miongoni mwetu wanaosema chama kitutafutie uwanja, kama ule wa Garuga kule Uganda, ambako hata watoto wanashindana kwenye matuta ya udongo wakiwa na ngao za kifua. Ni wazo zuri. Lakini tumebishana usiku mzima tukaona uwanja usubiri.

Tunachoomba mwaka huu ni kidogo. Kwanza, kofia ngumu mbili kwa kila pikipiki, ya dereva na ya abiria, zenye mkanda unaofunga. Siyo zile za maonyesho kwa trafiki. Pili, ada ya mafunzo na leseni daraja A kwa wale ambao hawana, na mwalimu atakayekubali kutufundisha breki ya mbele kwenye lami, siyo kuzunguka viboksi tu. Tatu, mtu wa afya aje siku mbili atufundishe kuzuia damu na kufunga mfupa, na kila kijiwe kiwe na sanduku lake. Ajali ya barabarani, wa kwanza kufika ni bodaboda. Hata ikiwa siyo ya pikipiki, hata ikiwa ni ya basi ulilopanda wewe kuja hapa.

Kwa upande wetu, kila pikipiki itaweka akiba kidogo kila Jumamosi ili sanduku lisikauke. Wasomi mliopo tunaomba mtusaidie kuandika katiba ya kikundi, tuombe ule mkopo wa asilimia 4 wa vijana pale halmashauri, tutoke kwenye mikataba.

Mweka hazina ametupa ruhusa kuandikisha ahadi zenu leo. Daftari analo yule mwenzetu tuliyemsema. Sasa anaziba pancha pale stendi, na leo amekuja. Ameketi kwenye benchi karibu na mlango, gongo lake limeegemea ukuta.